Kwa wanaoanza ndondi Goma: hadaa hutanguliwa na ngumi ya kweli

Wadogo zangu mnaojiunga na mazoezi ya ndondi hapa Goma, najua mnatamani kujifunza hadaa, yaani kujifanya unarusha ngumi usiyoirusha, mapema, kwa kuwa mmeona mabondia hodari wakimyumbisha mpinzani bila kumgusa. Nawasihi msianzie hapo. Mtu hujikinga na ngumi anayoiogopa, na bondia ambaye mkono wake wa mbele haujamfikia mwenzake hata mara moja tangu kengele ilipolia atatikisa mabega bure.

Ngumi hiyo ikishaheshimiwa, hadaa ianzie miguuni. Wengi hurusha glavu hewani huku mwili umetulia, ilhali mpinzani mzoefu hutazama bega, goti na hatua. Telezesha mguu wa mbele nusu hatua, kunja goti kidogo, bega litangulie kama katika ngumi halisi, kisha uzuie mkono kabla kiwiko hakijanyooka. Katika viwanja vyetu vya changarawe nyeusi ya volkano, mkwaruzo wa kiatu humshtua mwenzako, lakini msiuzoee, maana turubai la ulingo halitoi sauti hiyo. Mkono wa nyuma usibanduke shavuni, kwani wapo wanaoijibu hadaa kwa ngumi.

Hadaa za mwanzo zisifuatwe na shambulio lolote. Kazi yake ni kumpeleleza mpinzani. Je, anainua mikono, anarudi nyuma, au anainama upande mmoja? Akirudia jibu lilelile, umepata njia: anayeinua mikono huacha mbavu wazi, na anayeinama kulia kila mara anaweza kusubiriwa hukohuko kwa ngumi ya kushoto. Asiyejibu kabisa, na wanaoanza wengi wako hivyo kwa sababu hawajajua kuiona hatari, apigwe ngumi za kawaida.

Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974, katika pambano la ubingwa wa dunia wa uzito wa juu, Muhammad Ali alimshangaza George Foreman katika raundi ya kwanza kwa kutanguliza mkono wa kulia, ambao kwake ulikuwa wa nyuma, ngumi ambayo mabondia wa kiwango hicho huiepuka kwa kuwa safari yake ni ndefu na huonekana mapema. Baadaye aliegemea kamba za ulingo, akamwacha Foreman achoke, akamwangusha katika raundi ya 8. Mambo ya kamba msiyaige. Vichwa vyenu havijawa tayari kwa mapigo hayo.

Mwombeni mwalimu awatengee raundi moja isiyo na mapigo, ambamo mmoja anahadaa na mwenzake anataja kwa sauti ngumi aliyodhani inakuja.