Gitaa la Clapton kwa mpigaji wa dansi

Ndugu yangu, umeuliza kama ununue gitaa la umeme la Fender Stratocaster, toleo lenye jina la mpiga gitaa Mwingereza Eric Clapton, nawe unapiga solo katika bendi ya dansi hapa Kinondoni. Gitaa hilo, lililotoka mwaka 1988, lina saketi ya betri ya volti 9 inayoongeza sauti za kati, zile zilizo baina ya nzito na nyembamba, hadi desibeli 25, na mgongo wa shingo yake una umbo la V ambalo, kama kiganja chako hakijalizoea, litakuchosha kabla onyesho halijaisha. Solo ya dansi, ambayo naipenda mno, hudai sauti nyembamba na safi, hivyo ongezeko hilo ungelitumia kwa nadra. Ningenunua Stratocaster ya kawaida, na fedha itakayobaki ningeiweka kwenye amplifaya nzuri na nyuzi za akiba, maana hewa ya pwani huzitia kutu upesi.