Kabla Hujaiamini Laini ya Akiba, Ifuatilie Inakopita

Katika kazi yangu ya kutunza mitandao ya mawasiliano, mtu akiniambia ana laini mbili za intaneti, moja ikiwa ya akiba, swali langu la kwanza ni: zinapita wapi? Wengi hunitajia majina ya watoa huduma. Jina halikuonyeshi njia. Kampuni nyingi hukodishiana faiba, yaani nyaya za nyuzi za kioo zinazobeba data, kwa hiyo unaweza kulipa ankara mbili kila mwezi huku data yako yote ikipita kwenye bomba moja.

Tuliwahi kufungua chemba, shimo lenye mfuniko ambamo nyaya hupita, kando ya daraja tukakuta nyaya mbili za faiba zimefungwa pamoja kwa kibanio cha plastiki, kila moja ina kibandiko cha kampuni yake. Kwenye ramani za ofisini ilikuwa mistari miwili iliyoachana mbali. Mto una daraja moja tu, na kila aliyetaka kuvusha waya alipitia hapo.

Wakubwa nao hukumbwa. Tarehe 18 Julai 2001, treni ya mizigo iliacha reli na kuwaka moto ndani ya handaki la Howard Street mjini Baltimore, Marekani. Humo zilikuwa zimelazwa nyaya za kampuni kadhaa, na intaneti ikazorota hata mbali na moto wenyewe. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na Seacom, nyaya za intaneti zinazopita chini ya bahari, ilikatika siku moja karibu na pwani ya Afrika Kusini, na nchi nyingi za Afrika Mashariki zikabaki na intaneti ya kusuasua.

Ndiyo maana nashauri uanze na orodha ya vitu vinavyoweza kufa pamoja, hesabu zifuate baadaye. Kila kipande cha mtandao kiandikie vitu kinavyovitegemea: daraja, handaki, mstari wa nguzo, jengo, chanzo cha umeme, hata toleo la programu ya ruta, kifaa kinachoelekeza data. Vipande vyenye jibu moja ni kundi moja la hatari. Umeme ndio husahaulika zaidi. Nimeona faiba na redio ya mawimbi zikiwekwa kwa makusudi mema ili moja imwokoe mwenzake, kumbe zote zinategemea jenereta moja.

Ukishapata makundi, tafuta jozi ya njia zisizoshiriki kundi lolote la hatari. Wengi huchukua njia fupi kuliko zote, huifuta, kisha hutafuta nyingine katika kilichobaki. Usifanye hivyo. Njia fupi ya kwanza inaweza kukata katikati jozi nzuri iliyokuwepo, ukadhani hakuna njia ya pili. Mwaka 1974 J. W. Suurballe alichapisha algoriti, yaani hatua za hesabu, inayotafuta njia zote mbili kwa pamoja, na inafanya kazi haraka. Ila yenyewe huangalia vipande na vituo tu. Ukiingiza makundi ya hatari, tatizo huwa gumu mno: hakuna anayejua mbinu ya haraka inayolitatua katika kila hali. Kwa mtandao mdogo, acha kompyuta ijaribu jozi zote. Kwa mkubwa, tosheka na jibu zuri.

Na mara nyingine jozi safi haipo kabisa. Hapo mimi hupima kwa muda wa matengenezo. Faiba ya kando ya barabara ikikatwa na tingatinga, mafundi huiunga kwa saa chache. Mkongo wa baharini husubiri meli, na wiki zinaweza kupita. Ni afadhali njia zako zishirikiane kipande kifupi cha barabara kuliko kituo kimoja cha kutua mkongo.

Halafu ijaribu. Ondoa laini kuu kwa makusudi, saa iliyopangwa na watumiaji wakijua, uone kama ya akiba inabeba mzigo wote au inazidiwa.

Katika mkataba, dai njia halisi iandikwe pamoja na ramani yake, na mtoa huduma awajibike kukuarifu kabla ya kuihamisha. Laini huhamishwa kimya kimya barabara inapopanuliwa, na zilizokuwa mbali zinaweza kukutanishwa bila wewe kujua. Omba ramani mpya mara kwa mara, na pale penye shaka, nenda chemba ifunguliwe mbele yako.