Spini hudumu, ila haifiki mbali

Je, spini (sifa ya elektroni inayoifanya iwe kama sumaku ndogo) ikiishi muda mrefu kwenye semikondakta za kikaboni, yaani zilizoundwa kwa molekuli zenye kaboni, inasafiri pia mbali? Hapana, kuishi muda mrefu hakumaanishi hivyo. Inaweza kudumu hata mikrosekunde, kwa kuwa kaboni na haidrojeni ni atomu nyepesi na kule kuvurugana kwa spini na mwendo wa elektroni ni kudogo mno. Shida ni mwendo wenyewe: elektroni haitiririki kama kwenye silikoni, inarukaruka molekuli hadi molekuli, tena kwa kusuasua. Kwa hiyo umbali huishia makumi ya nanomita.

Jaribio linalotajwa sana ni la Chuo Kikuu cha Utah, 2004: Alq3, semikondakta ya kikaboni ile ile ya OLED (taa na skrini za kikaboni) za mwanzo, ikabanwa kati ya kobalti na oksaidi ya manganizi yenye usumaku. Mwelekeo wa usumaku wa pande hizo mbili ulipobadilishwa, ukinzani wa umeme ulibadilika kwa takriban 40%, ishara kwamba spini ilivuka, lakini kwenye kelvini 11 (karibu nyuzi −262 za Selsiasi). Kadiri joto lilivyokaribia la chumbani, badiliko likafifia.

Angalizo: kobalti ikipakwa kwa mvuke hupenya ndani ya Alq3, maana tabaka lenyewe ni laini. Watafiti wenyewe wa Utah walikadiria hadi kama nanomita 100 zimeingiliwa, kwa hiyo unene wa Alq3 unaoandikwa usiuchukulie kuwa ndio umbali ambao spini ilisafiri.