Mashine tatu za zamani nyumbani: chukua ukoo mmoja wa Linux

Mkuu, umeuliza uweke distro (toleo la Linux) gani kwenye mashine zako tatu: HP EliteBook 840 G3 yenye RAM ya GB 8 ambayo shemeji anaitumia kwa hesabu za duka, Dell ya mezani ya Core 2 Duo yenye GB 2 ya watoto, na kilaptop cha Atom chenye GB 1 kilichokaa tu kabatini. Wadau wameshakutajia majina mengi na yote ni mazuri. Mimi niko Tabata, nyumbani kwangu ni Linux tupu kwa miaka mingi, na ndugu kompyuta zao zikigoma mimi ndiye wanayempigia. Kwa uzoefu huo nakushauri kitu kimoja: zote tatu zitoke ukoo wa Debian, yaani Debian yenyewe au distro zilizojengwa juu yake.

Sababu kubwa ni bando. Distro kama Arch au Fedora hazipoi, kila ukifungua kuna masasisho ya mamia ya MB. Debian ikishatoka inatulia. Kinachokuja baada ya hapo zaidi ni marekebisho ya usalama. Halafu mashine zikiwa za ukoo mmoja na toleo moja, faili hilohilo la programu linatumika kote. Kwangu mashine moja nimeiwekea apt-cacher-ng, programu inayotunza nakala ya kila kinachoshushwa na apt (kishusha programu cha Debian). Nyingine zote zina faili dogo ndani ya /etc/apt/apt.conf.d lenye mstari mmoja tu wa Acquire::http::Proxy, unaozielekeza kwenye mashine hiyo, mlango (port) 3142. Ya kwanza ikishashusha LibreOffice, ya pili inaichukua humohumo ndani kwa Wi-Fi, bando haliguswi. Angalia tu kwamba anwani kwenye sources (orodha ya mahali apt inakoshusha) zinaanza na http na si https, la sivyo hakuna kitakachohifadhiwa. Usiogope http hapo, maana apt inakagua saini ya kila inachoshusha.

Tuje kwenye EliteBook. Hiyo ni Core i5 au i7 ya kizazi cha 6, na Windows 11 kwa Intel inaanzia kizazi cha 8. Windows 10 nayo Microsoft waliikatia msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine yenyewe bado ni nzima kabisa, usimsikilize anayekwambia ukaiuze Kariakoo. Weka LMDE 7, ambayo ni Linux Mint iliyojengwa moja kwa moja juu ya Debian 13. Mwonekano wake ni Cinnamon: menyu iko chini kushoto na saa iko kulia, shemeji hatapotea. Faili zake za Excel zitafunguka kwenye LibreOffice, ila kama zina makro zipitie naye moja moja kabla hujafuta Windows. Hapo usiharakishe, hesabu za duka ni riziki ya nyumba.

Ya watoto ndiyo inayohitaji akili zaidi. Core 2 Duo ni ya biti 64, kwa hiyo Debian 13 inakubali bila shida. Chagua mwonekano mwepesi wa Xfce wakati wa kuinstoli, achana na GNOME na KDE ambazo ni nzito kwa RAM hiyo. Lakini kabla ya yote toa ile HDD (diski ya kuzunguka), weka SSD (diski ya chipu, yenye kasi zaidi) ya SATA hata ya GB 120. Nimeona mashine nyingi za namna hii, na hakuna distro inayoweza kuifanyia HDD iliyochoka kile ambacho SSD inakifanya. Ukipata RAM ya kuongeza kwa mafundi, ongeza, ila kwanza fungua usome kama ni DDR2 au DDR3, maana haziingiliani. Baada ya hapo weka zram-tools, fungua /etc/default/zramswap, PERCENT iwe 50. Inabana vitu ndani ya RAM yenyewe kabla ya kukimbilia diski. Na ukiwa umeifungua, pulizia vumbi kwenye feni. Kwa joto la Dar prosesa ikichemka inapunguza mwendo, halafu lawama inaangukia Linux.

Wengi hapa wanabishana distro ipi inakula RAM kidogo, wakati mlaji mkubwa ni brauza. Xfce kwangu ikiwaka tu inakula chini ya nusu ya hizo GB 2. Fungua Firefox yenye tabu nane, moja wapo YouTube, uone. Wazoeshe watoto tabu mbili tatu, na weka uBlock Origin, kiongezi cha brauza cha kuzuia matangazo. Matangazo yakizuiwa kurasa zinakuwa nyepesi, na bando linapona pia.

Kilaptop cha Atom ndicho sijui nikujibu vipi mpaka uangalie prosesa. Kiwashe kwa flashi ya antiX 23 (distro nyepesi) ya biti 32, fungua terminal, andika lscpu, soma mstari wa CPU op-mode. Kama ni 32-bit peke yake (Atom N270 iko hivyo), bakia na antiX hiyohiyo. Imejengwa juu ya Debian 12, na Debian 13 haina tena kiinstola cha biti 32. Chrome ya Linux iliacha biti 32 tangu 2016, na Firefox nayo imeacha kuanzia toleo la 145, kwa hiyo usikitegemee kwa benki wala barua pepe. Kitafaa kuandikia, kusomea PDF na kusikilizia muziki. Kama ni 64-bit, kina maisha zaidi kidogo.

Zote zijaribu kwa flashi kabla ya kuinstoli. HP bonyeza Esc kisha F9, Dell F12. Jaribu Wi-Fi, sauti na mwanga wa skrini. Wi-Fi ya Broadcom ndiyo inayosumbua kwenye laptop za zamani. Ikigoma, unganisha simu kwa USB tethering ushushe driva. Printa usiisahau, iunganishe hapohapo utoe karatasi moja. Majibu ya lscpu ukiyapata yabandike hapa, nitakuandikia amri za apt-cacher-ng kwa mpangilio wa router yako.