Kangaga langu lililokataliwa, na barua ya Hooker ya mwaka 1854

Jumatatu iliyopita nilipata jibu nililolingoja kwa miezi minne kutoka kwa mtaalamu wa mimea niliyemtumia sampuli, nalo lilikuwa na sentensi mbili tu. Kangaga nililolichuma kando ya kijito katika Usambara Mashariki, nikalikausha kati ya magazeti na hata kulichagulia jina la Kilatini lenye ubini wangu ndani yake, ni la kawaida na huota kuanzia Afrika hadi Asia. Na kwa kuwa sikutuma shina lake la chini, sampuli yenyewe haifai kuhifadhiwa. Siku mbili sikuligusa daftari langu. Nakiri kwamba ufupi wa jibu uliniuma kuliko kosa lenyewe. Ninyi mnaochuma mimea mnanielewa, kwa sababu hakuna anayepanda mlima akinyeshewa kwa ajili ya jani ambalo limekwisha kupewa jina.

Aliyenifariji ni William Colenso, mpiga chapa wa wamisionari kutoka Cornwall aliyefika New Zealand mwaka 1834. Mwaka 1841 alikutana huko na Joseph Hooker, daktari kijana wa meli ya Erebus, na tangu hapo barua zake na mafurushi ya mimea yakawa yanavuka bahari kwenda Kew, bustani kuu ya mimea ya Uingereza. Mwaka 1845, alipofika juu ya milima ya Ruahine bila chombo cha kubebea, alivua koti akaligeuza mfuko, akavua na shati akalifunga ukosi, na mimea mingine akaishindilia ndani ya kofia. Mtu huyo ndiye aliyeandikiwa na Hooker mwaka 1854 kwamba, kwa kukosa hebaria, yaani mkusanyo wa mimea iliyokaushwa, ameyaeleza kama mapya baadhi ya makangaga yanayojulikana kuliko yote duniani.

Nikitulia, naona Hooker alikuwa na haki, kwani aliweza kulilaza jani la New Zealand kando ya majani ya nchi nyingine na kutambua kuwa ni spishi moja inayobadilika sura. Lakini Colenso alikuwa ameliona likiwa hai, akajua linapenda kivuli gani na Wamaori, wenyeji wa New Zealand, wanaliitaje, mambo ambayo jani kavu haliwezi kuyasimulia. Hooker huyohuyo alilipa jina la Colenso kangaga moja la milimani, ambalo limeitwa pia Cyathea colensoi. Uzeeni Colenso aliendelea kutangaza spishi mpya, na nyingi zilifutwa baadaye. Ukaidi huo siupendekezi, ingawa naufahamu vizuri mno.

Basi, ndugu zangu, chimbueni shina la chini pamoja na magamba yake, baada ya kupata kibali. Chukueni jani lenye spora, yaani chembe za uzazi za kangaga, maana bila zile alama za kahawia za upande wa chini mtaalamu hana pa kuanzia. Andikeni rangi kabla ya kukausha, andikeni mwinuko, andikeni jina la wenyeji na ni nani aliyewatajia. Mkiona uvivu, andikeni hivyohivyo. Msichague jina la Kilatini njiani mkirudi nyumbani.

Katika barua yangu niliuliza pia kuhusu vinyweleo vyeupe vilivyo chini ya jani, na swali hilo halikujibiwa. Mvua zikipungua nitarudi kijitoni na jembe dogo, kisha nitaliuliza tena nikiwa na sampuli kamili.