Chini ya mabamba hakuna bahari ya magma

Juzi msomaji mmoja, mwalimu mgeni wa jiografia hapa Nairobi, ameniandikia: "Mwalimu, wanafunzi wananiuliza mabamba ya dunia yanateleza juu ya nini. Niwaambie magma?"

Hapana, mdogo wangu. Mabamba, yaani vipande vikubwa vigumu vya tabaka la juu la dunia, hayatelezi juu ya magma, yaani mwamba ulioyeyuka. Kulikataa jibu hilo kulininyima kazi.

Nilikuwa nafundisha shule moja ya binafsi Eastlands. Nikaandika ubaoni kwamba asthenosfia, tabaka lililo chini ya mabamba, ni mwamba yabisi. Mkuu wa idara, aliyekuwa amekaa nyuma akinikagua, alikuja mbele, akafuta, akaandika "magma", kisha akawaomba wanafunzi wanivumilie kwa kuwa bado najifunza. Muhula ulipoisha mkataba wangu nao ukaisha. Hata leo matatu ikipita pale, natazama upande wa pili.

Na nilikuwa sahihi! Mawimbi ya S ya tetemeko la ardhi, yale yanayotikisa mwamba upande kwa upande, hayapiti kwenye kimiminika. Asthenosfia yanaipita, ila yanapunguza mwendo. Beno Gutenberg, mwanasayansi wa matetemeko, alishauona upungufu huo miaka ya 1920. Huko chini, kilomita 100 hivi na zaidi, joto hukaribia nyuzi 1,300 za Selsiasi, lakini mgandamizo mkubwa huuzuia mwamba usiyeyuke, isipokuwa sehemu ndogo tu. Hivyo unabaki yabisi, huku ukijongea polepole mno, na mabamba yaliyo juu yake husogea sentimita chache kwa mwaka.

Ushauri wangu ni huu: anza na ushahidi, jina lije baadaye. Mimi huwaonyesha wanafunzi lami ya Barabara ya Mombasa pale malori yanapopanga foleni juani. Ni ngumu, ukianguka utaumia, lakini magurudumu yameichimba mifereji. Baada ya hapo nawapeleka kaskazini mwa Sweden. Barafu nene iliyeyuka huko miaka elfu kadhaa iliyopita, na pwani bado inainuka karibu sentimita 1 kila mwaka, kwa sababu mwamba laini wa kina uliosukumwa pembeni na uzito ule unarudi taratibu.

Anza na ushahidi, narudia. Binti mmoja niliyemfundisha hivyo sasa anasomea jiolojia chuo kikuu (yule mkuu wa idara na asome hapa). Walimu wenzangu, tunataka wanasayansi au makasuku? Mtoto akidanganywa kidato cha tatu, nani atamsahihisha?

Jiandae tu kwa swali litakalofuata: "Basi lava ya volkano ya Longonot ilitoka wapi?" Swali zuri. Chini ya Bonde la Ufa mwamba wa moto hupanda, na unapopanda mgandamizo hupungua, nao huanza kuyeyuka ukiwa njiani. Joto hilohilo ndilo linalochemsha mvuke wa Olkaria, unaozalisha umeme. Kitabu chenu kikisema "nusu kuyeyuka", waandike hivyo kwenye mtihani wapate alama zao, ila darasani waeleze hiyo nusu ni ndogo kiasi gani.