Sindano Mbili Zimetushinda: Majibu kwa Wasomaji

Kipupwe kimeingia, upepo wa Juni umeanza kupiga Dodoma, na maswali yote ya wiki hizi ni ya kufuma kwa sindano mbili, kama sweta zinavyofumwa. Kinachonifurahisha ni kwamba walioandika si wageni wa kazi za mikono. Kuna wa kroshia, wa vikapu, wa cherehani, hata seremala. Wanaweza kazi zao vizuri, kisha wakishika sindano mbili na uzi wanatoka jasho. Niseme mapema ninavyoona: mikono yenu si mizito. Imezoea kazi nyingine, na mazoea hayo ndiyo yanayogombana na sindano.

Shikamoo mama. Nafuma vitambaa vya makochi kwa kroshia tangu nikiwa sekondari, hata maua magumu hayanisumbui. Kwa sindano mbili, kipande cha upana wa kiganja kinanishinda. Vitanzi vinachomoka kila nikigeuza kazi. Nakosea wapi? (Area C)

Marahaba mwanangu. Kwenye kroshia kitanzi kilicho wazi ni kimoja tu, kile kilicho kwenye sindano yako. Vya nyuma vyote vimeshafungwa. Kwenye sindano mbili mambo ni tofauti kabisa: mstari mzima uko wazi, viwe vitanzi 30 au 100, na kila kimoja kinasubiri zamu yake. Kimoja kikichomoka kinafumuka kuteremka, mstari baada ya mstari, kinaacha ngazi katikati ya kitambaa. Kwa hiyo hofu yako ina sababu.

Lakini una mtaji ambao anayeanza na mikono mitupu hana. Kama unatumia mkono wa kulia, basi ule wa kushoto umeshazoea kubeba uzi na kuuongoza kwa kidole. Nadhani aliyekufundisha, au video uliyotazama, anashika uzi kwa mkono wa kulia na kuuzungusha kwenye ncha ya sindano. Ni mtindo ulioenea Uingereza, na mtu wa kroshia humchanganya sana. Achana nao. Ujerumani na nchi nyingi za bara la Ulaya uzi hukaa mkono wa kushoto, na sindano ya kulia huuchota tu. Kitambaa kinachotoka ni kilekile. Jaribu hivyo jioni moja kabla hujakata tamaa.

Sindano yako ya kroshia nayo usiiweke mbali. Kitanzi kikichomoka, geuza upande laini wa kazi ukutazame, kidake kwa ile ndoano. Juu yake utaona nyuzi zimelala kama vipandio: chukua wa kwanza, uvute upite ndani ya kitanzi, kisha wa pili, hivyo hivyo mpaka juu, halafu rudisha kitanzi kwenye sindano ya kushoto. Kwako hiyo ni kazi ya dakika moja. Mwenye sindano mbili tu huishia kufumua mistari kumi.

Jambo la mwisho: kama sindano zako ni za chuma, tafuta za mwanzi. Chuma kinateleza. Mwanzi unashikilia uzi, na kwa sasa unahitaji kushikiliwa.

Nimekulia Iringa, nasuka vikapu vya milulu, sasa naishi Nkuhungu. Ninachofuma kinakuwa kigumu kama kikapu, na sindano haipenyi tena kwenye vitanzi. Vidole vinauma.

Umejieleza vizuri mpaka nimecheka. Kikapu kisipobanwa hakisimami, ndiyo maana mkono wako unakaza bila kuulizwa. Kwenye kufuma, ukubwa wa kitanzi hauamuliwi na nguvu ya mkono, unaamuliwa na unene wa sindano. Angalia unapofumia: nina hakika vitanzi vyako vinazaliwa kwenye ncha, pale palipochongoka, kisha unavuta uzi kuvifunga. Ncha ni nyembamba, kwa hiyo kitanzi kilichozaliwa hapo hakiwezi kutelezea kwenye mwili wa sindano. Sukuma kila kitanzi kipya hadi kwenye unene kamili, ndipo uendelee na kinachofuata, na usivute uzi baada ya hapo. Hautafumuka. Panda pia saizi moja au mbili za sindano. Kama ulikuwa na milimita 4, chukua 5 mpaka mkono ulegee.

Ukizidi kuumwa vidole, weka chini kazi. Uliza pia uzi wako ni wa nini. Pamba haivutiki, inachosha mkono unaokaza kuliko sufu au akriliki (uzi wa kiwandani).

Nilianza na vitanzi 30, sasa nina 37, na sijaongeza hata kimoja. (Makole)

Ukimaliza mstari na kugeuza kazi, uzi wako unapanda juu ya sindano na kuvuta kitanzi cha kwanza, miguu yake miwili inaonekana juu. Unaifuma yote miwili. Kabla ya kuanza mstari, shusha uzi mbele ya kazi, chini ya sindano, tazama kitanzi cha kwanza kimesimama kimoja, kisha ndipo uupeleke nyuma kwa kupitia chini. Na hesabu kila mstari. Kuhesabu kunaudhi, kufumua kunaudhi zaidi.

Mimi ni fundi cherehani, Majengo. Kukata gauni bila patani ni kazi yangu ya kila siku. Sweta la mwanangu nililifuma kwa kufuata maelezo neno kwa neno, likatoka la baba yake. Na kwa nini nisifume kitambaa kikubwa nikakikata kama ninavyokata vitenge?

Fundi, kwenye kitenge kitambaa kipo tayari, kazi yako ni kukitoa umbo. Kwenye kufuma unatengeneza kitambaa na umbo kwa wakati mmoja, kwa hiyo kipimo hakianzi na futi, kinaanza na mkono wako. Aliyeandika yale maelezo alitumia mkono wake.

Chukua mfano. Maelezo yanasema sentimita 10 ni vitanzi 20. Mbele ya sweta ni sentimita 40, kwa hiyo unaanza vitanzi 80. Sasa mkono wako ni mlegevu kidogo, sentimita 10 unapata vitanzi 18. Vitanzi vilevile 80 vinakupa sentimita 44 na kidogo. Ongeza mgongo nao hivyo hivyo, sweta limezidi karibu sentimita 9 kuzunguka kifua, na wewe hujakosea hata mstari mmoja. Dawa yake mafundi wengi wanaidharau: fuma kwanza kipande cha kama sentimita 15 kwa 15, kifue, kianike kikiwa kimelazwa, kisha hesabu vitanzi ndani ya sentimita 10 za katikati. Pembeni usipime, panadanganya. Kwa jua letu kipande kinakauka kabla hujamaliza chai. Baada ya hapo hesabu zako za fundi zinafanya kazi: upana unaoutaka, gawanya kwa 10, zidisha kwa vitanzi vyako. Huhitaji hata maelezo ya mtu.

Kuhusu kukata: inawezekana, na Norway ni jambo la kawaida. Wanafuma mwili wa sweta kama bomba, wanapiga mistari ya cherehani pande mbili za mahali pa kukatia, kisha wanapitisha mkasi katikati. Lakini nyuzi zao ni sufu, ambayo inashikana yenyewe. Uzi wa akriliki ulio madukani kwetu unateleza, ukikata bila mistari hiyo utalia. Na tafadhali, pasi yako ya fundi usiilaze juu ya akriliki: moto unaiua, inalegea na hairudi.

Skafu yangu inajikunja pembeni kama jani kavu. Nipige pasi? (Kisasa)

Hapana, jibu la pasi nimeshalitoa hapo juu. Kitambaa kilicho laini upande mmoja na chenye vinundu upande wa pili hujikunja kwa asili yake, kwa sababu pande mbili hazivuti sawa. Anza na umalize kwa mistari sita hivi ya mshono wa kawaida, uleule upande wa mbele na wa nyuma, na pembeni acha vitanzi vinne au vitano vya namna hiyo kila mstari. Kitatulia.

Mwanangu, mimi ni seremala mstaafu, Kondoa. Wajukuu wanafuma kwa spoku za baiskeli. Je, nawaharibia nikiwachongea za mti?

Shikamoo mzee. Utawaokoa. Spoku ina unene wa kama milimita 2, inafaa kwa uzi mwembamba sana, na mtoto anayejifunza hapati raha nayo. Wachongee za milimita 5, urefu wa sentimita 25 au 30, kwa mwanzi mkavu au mti mgumu usiotoa nyuzinyuzi. Ncha iwe butu kidogo. Msasa mpaka uzi usikwame popote, halafu paka nta ya nyuki na usugue kwa kitambaa. Nta huko kwenu si ya kutafuta mbali. Nyuma bandika kifungo kwa gundi ili vitanzi visitokee upande huo.

Nasoma UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Wananicheka hosteli kwamba kufuma ni kazi ya bibi wa nchi za baridi, tena mimi ni mwanaume.

Waambie soksi za kufumwa za zamani kuliko zote zinazojulikana zimetoka Misri, ni za pamba, za karne ya 11 hivi. Baridi gani hiyo? Na Ulaya, vyama vya mafundi wafumaji vilishikwa na wanaume, na mashine ya kwanza ya kufuma soksi aliibuni mwanaume, Mwingereza William Lee, mwaka 1589. Masweta ya shule waliyovaa wanaokucheka yametoka kwenye vizazi vya mashine hiyo. Halafu upepo wa Chimwaga, hapo chuoni kwenu, saa kumi na moja alfajiri haumwonei haya mtu. Wasubiri Julai, watakuomba kofia. Sufu ya hapa usiitafute: kondoo wetu wa Ugogo wana manyoya mafupi yasiyosokotwa. Anza na akriliki ya unene wa kati, rangi nyepesi ili uone vitanzi.

Nadarizi mashuka na foronya, naipenda kazi yangu. Nimejaribu kufuma mwaka mzima, naweza, lakini sipendi. Nikiacha nitaonekana nimeshindwa? (Kikuyu, Dodoma)

Acha, dada. Umesema unaweza, basi limekwisha. Kudarizi kunakupa picha inayokua mbele ya macho, kufuma kunakupa mistari mia inayofanana kabla kitu hakijaonekana. Kuna wanaotulizwa na mistari hiyo na kuna wanaochoshwa, na wewe umeshajijua. Sindano wape wanaozitaka. Uzi wa sweta uliobaki usiutoe: tafuta sindano kubwa ya kushonea magunia, tandaza gunia safi la jute, na udarizi nao mito ya kochi. Ule unene unajaza ua haraka kuliko uzi wako wa kawaida. Mishono iwe mirefu, na usivute sana, gunia litajikunja.